Kugema mepo nyumbani: kutoka kwenye shina hadi kwenye chupa ya shira

Kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, ndoo huanza kuning'inia kwenye miti ya mepo (kwa Kiingereza maple) huku kaskazini mashariki mwa Marekani na mashariki mwa Kanada: Vermont, Maine, New Hampshire, kaskazini mwa New York, Ontario na Quebec. Familia zetu zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania hupita chini ya miti hiyo kwenda kazini na shuleni, na wengi hawajui kwamba mtu mwenye mti mmoja mkubwa uani, drili, ndoo na sufuria pana anaweza kuifanya kazi ile mwenyewe. Ni kugema, kama wanavyogema mnazi Pwani na mianzi kule Iringa. Tofauti ni kwamba huku hupandi juu ya mti wala hukati kidonda upya kila siku. Na kinachotoka ni maji matamu kidogo, unayachemsha mpaka yawe shira.

Mwongozo huu ni wa mtu wa miti miwili, mitatu, minne. Zaidi ya hapo unahitaji vifaa vingine na muda mwingine. Nitaanza na moto kabla ya mti, kwa sababu wengi wanaoanza hutoboa kwanza kwa furaha, halafu wiki ya pili wana mapipa ya maji yanayochacha na hawana pa kuyachemshia.

Kwanza: hesabu moto wako

Maji yanayotoka kwenye mepo yana sukari kama asilimia 2 tu. Shira iliyoiva ina asilimia 66 hadi 67. Kwa hiyo lita 40 za maji zinakupa takriban lita 1 ya shira. Wagema wa huku wana hesabu yao fupi: chukua 86, ugawe kwa asilimia ya sukari iliyomo kwenye maji. Maji ya asilimia 2 yanakupa 43, yaani lita 43 kwa lita 1 ya shira. Mti mzuri wa asilimia 3 unakushusha hadi lita 29 hivi.

Tundu moja, msimu ukienda vizuri, hutoa kama lita 40. Ukiwa na matundu matatu, tegemea lita 120, na kati ya hizo lita 117 hivi lazima ziondoke kama mvuke. Mvuke huo hautakiwi ndani ya nyumba. Ukichemsha jikoni, dari itatiririka maji, rangi na karatasi za ukutani zitabanduka, na kabati zitanata. Chemsha nje. Usichemshie ndani ya gereji pia, hata mlango ukiwa wazi nusu: moto wa kuni na wa gesi hutoa hewa ya kaboni monoksidi, inayoua bila kunuka.

Una njia mbili. Jiko la gesi ya mtungi ni rahisi kulidhibiti, lakini kwa lita nyingi namna hii gesi inakula pesa. Kuni ni kazi zaidi na ndizo ninazozipenda. Panga matofali ya saruji pande tatu, acha upande mmoja wa kuchochea, na juu yake weka treya ya chuma kisichoshika kutu, zile pana za kina kirefu zinazotumika hotelini kuwekea chakula moto. Kinachotakiwa ni uso mpana. Sufuria ndefu nyembamba itakuweka hapo hadi usiku wa manane, kwa sababu maji hutoka kwa juu. Treya ya sentimita 30 kwa 50, moto ukiwa mkali kweli, hupunguza lita kama 4 hadi 6 kwa saa. Lita 40 basi ni siku nzima ya kukaa kando ya moto. Panga siku hiyo mapema, na kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba. Kuni nene hutoa makaa mazuri lakini huku unataka mwali.

Uliza idara ya zimamoto ya mji wako kama unahitaji kibali cha kuwasha moto nje. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya mambo mawili, kutoboa mti na kuwasha moto. Miti ya kando ya barabara kwa kawaida ni mali ya mji, usiiguse bila kuuliza.

Pili: utambue mti ukiwa bado na majani

Wakati wa kuchagua mti ni Septemba na Oktoba. Ukisubiri Februari utakuta miti yote imevuliwa nguo na kila shina ni la kijivu.

Mepo ya sukari, ambayo wataalamu huiita Acer saccharum, ina jani lenye sehemu tano. Kingo zake kati ya ncha ni laini, na bonde kati ya sehemu moja na nyingine limezunguka kama herufi U. Mepo nyekundu ina kingo zenye meno kama ya msumeno, na bonde lake ni kali kama V. Mepo ya fedha ina jani lililochanwa sana na mgongo wake ni mweupe wa kung'aa. Kuna pia mepo ya Norway, iliyopandwa sana mijini: vunja kikonyo cha jani lake, litatoka tone jeupe kama maziwa. Zote zinagemeka. Ya sukari ndiyo yenye utamu zaidi na msimu mrefu zaidi, kwa sababu mepo nyekundu na ya fedha huwahi kuchipua, na mti ukishachipua shira huharibika ladha.

Kama umechelewa na majani yamekwisha, tazama vitawi. Kwenye mepo vitawi hutoka viwili viwili, kimoja mkabala na mwenzake. Mwaloni na miti mingine mingi ya huku hutoa kimoja kushoto, kingine juu zaidi kulia. Kisha shika ncha ya kitawi na utazame tumba lake kwa karibu. La mepo ya sukari ni la kahawia na limechongoka kama ncha ya penseli. La mepo nyekundu ni la mviringo na jekundu. Ukiwa na shaka, muulize jirani mzee. Huku watu hupenda kuulizwa habari za miti yao.

Funga utepe wa rangi kwenye kila mti uliouchagua.

Sasa pima unene. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye shina usawa wa kifua chako. Mzunguko ukiwa chini ya sentimita 80, mwache mti akue. Kuanzia sentimita 95, ambayo ni kipenyo cha sentimita 30, toboa tundu moja. Kati ya 80 na 95 wako wanaotoboa, mimi ningesubiri. Mti ukipita sentimita 140 unaweza kubeba matundu mawili. Zamani watu walitoboa matatu na hata manne kwenye miti minene, lakini kwa uani kwako mawili yanatosha hata mti uwe mkubwa namna gani. Pendelea mti wenye matawi mapana yanayopata jua, kwa sababu sukari ya Machi ilitengenezwa na majani ya kiangazi kilichopita. Mti unaokauka vilele, wenye uyoga kwenye shina au uliopasuka, mwache apumzike.

Tatu: vifaa

Mrija wa kugemea, mmoja kwa kila tundu. Ule wa inchi 5/16, yaani milimita 8 hivi, ndio unaoufaa mti zaidi kwa sababu kidonda chake ni kidogo na hupona upesi. Mirija huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya shamba na ya vyuma kuanzia mwezi wa pili. Iko ya plastiki na ya chuma, yote sawa.

Ndoo zenye mifuniko, za kuwekea chakula. Uliza kwenye duka la mikate. Mara nyingi wana ndoo nyeupe zilizokuwa na sukari ya kupambia keki na watakupa bure. Inuse kabla ya kuichukua. Ndoo iliyokuwa na achari haipotezi harufu hata ukiisugua wiki nzima, na harufu hiyo itaingia kwenye shira. Ndoo ya rangi ya nyumba usiikaribie. Na kama mtu atakupa ndoo za zamani za bati, nzuri za kupigia picha, mshukuru na uziweke ukumbini: nyingi ziliungwa kwa madini ya risasi, na madini hayo huingia kwenye maji.

Drili na biti yake mpya au iliyosafishwa vizuri, nyundo ndogo, treya au sufuria pana, kipimajoto cha kupikia peremende, chujio la kitambaa kizito cha sufu linalouzwa kwa kazi hii, na chupa za kioo zenye vifuniko vizima. Chemsha mirija kwenye maji kabla ya kuitumia.

Nne: siku ya kutoboa

Tazama utabiri wa hali ya hewa, acha kalenda. Unataka usiku unaoganda, tuseme nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi chini ya sifuri, na mchana unaopanda hadi nyuzi 4 au 7 juu ya sifuri, na siku kadhaa za namna hiyo mfululizo.

Sababu yake iko ndani ya mbao. Nyuzi za mbao ya mepo hazikujaa maji, zina hewa ndani yake. Usiku baridi inapoingia, hewa ile hunywea, maji huganda, na mti huvuta maji mapya kutoka kwenye mizizi. Mchana barafu inapoyeyuka, hewa hutanuka tena na shinikizo ndani ya shina hupanda kuliko lile la nje. Ukiwa umetoboa tundu, maji yanasukumwa nje. Ndiyo maana wiki ya baridi tupu haitoi kitu, na wiki ya joto tupu nayo haitoi kitu.

Kusini mwa Maine na Vermont, siku hizo huanza mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Kaskazini kabisa na sehemu kubwa ya Quebec ni katikati ya Machi. Ohio na Pennsylvania huwahi, wakati mwingine Januari. Usitoboe kwa sababu ya siku moja ya joto katikati ya baridi kali. Tundu likishafunguliwa, mti huanza kuliziba na vijidudu huanza kuingia. Baada ya wiki nne hadi sita hutoa kidogo sana. Ukitoboa mapema mno, tundu linachakaa kabla ya siku nzuri kufika.

Toboa mchana, mti ukiwa umeyeyuka. Mbao iliyoganda hupasuka kirahisi.

Kwanza zungushia utepe wa plasta kwenye biti, sentimita 4 hadi 5 kutoka kwenye ncha, ili ujue pa kusimamia. Chagua sehemu ya shina iliyo nzima, kama mita moja kutoka ardhini, ikiwezekana juu ya mzizi mkubwa au chini ya tawi kubwa. Kumbuka theluji: ukisimama juu ya theluji ya nusu mita, tundu unaloliona kiunoni leo litakuwa kifuani mwezi ujao theluji ikiyeyuka. Kama mti uligemwa zamani, tafuta makovu. Tundu jipya liwe sentimita 15 pembeni ya kovu na zaidi ya sentimita 30 juu au chini yake.

Elekeza drili juu kidogo, ili tundu literemke kuelekea nje na maji yasituame. Toboa mkono ukiwa imara, kwa mkupuo mmoja, kisha chomoa biti ikiwa bado inazunguka. Sasa tazama vumbi lililotoka. Likiwa jeupe au la rangi ya maziwa na limelowa, uko kwenye mbao hai. Likiwa la kahawia na kavu, umeangukia kidonda cha zamani au mbao iliyokufa. Hapo hutapata kitu, na itabidi uhamie upande mwingine wa shina. Safisha tundu kwa kijiti safi, usilipulize kwa mdomo.

Ingiza mrija na uugonge polepole. Sikiliza. Mwanzoni sauti ni nyepesi, ya kitu kilicho na nafasi. Mrija ukikaa sawasawa sauti inakuwa nzito na ngumu. Hapo hapo acha nyundo. Pigo moja zaidi linaweza kupasua mbao kwenda juu na chini, na maji yatavujia kwenye gome badala ya ndoo.

Kama siku ni nzuri, tone la kwanza litatoka kabla hujaning'iniza ndoo. Kinga kidole uonje. Ni maji baridi matupu, kisha mwishoni ulimi unaukuta utamu. Funika ndoo ili mvua na wadudu wasiingie.

Tano: kukusanya na kutunza

Yahesabu maji haya kama maziwa mabichi. Yana sukari na hayana kinga yoyote, kwa hiyo yakipata joto yanachacha. Kusanya kila siku yanapotoka, yachuje kwa kitambaa safi ili kuondoa magome na wadudu, kisha yaweke pasipozidi nyuzi 4. Friji ndogo haitoshi; chimba shimo kwenye theluji upande wa kaskazini wa nyumba, ambako jua halifiki, ufukie ndoo humo. Chemsha ndani ya siku tatu au nne. Maji mazuri ni angavu kama ya chupa. Yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa au yakivuta uzi, mwaga.

Asubuhi nyingi utakuta barafu imeelea kwenye ndoo. Itupe. Sukari nyingi hubaki kwenye maji ambayo hayajaganda, kwa hiyo kila kipande cha barafu unachotoa ni kuni ulizoziokoa. Maarifa ya mti huu ni ya watu wa asili wa nchi hizi, Waabenaki, Waanishinaabe na Wahaudenosaunee miongoni mwao, waliougema kabla Wazungu hawajafika na wanaougema mpaka leo. Kinachofundishwa sasa mashambani kilianzia kwao.

Kabla hujaanza kuchemsha shira, chota maji ya kutosha birika moja, yatumie kupikia chai badala ya maji ya bomba. Weka majani, tangawizi, iliki na maziwa kama kawaida, na usitie sukari mpaka umeonja. Yapikie na uji siku moja. Kwa mwenye mti mmoja na asiye na nafasi ya kuwasha moto, hili peke yake linatosha kuwa sababu ya kugema. Hakikisha tu yamechemka sawasawa kabla ya kunywa.

Sita: kuchemsha

Washa moto mapema asubuhi. Jaza treya nusu yake au zaidi kidogo. Weka sufuria ndogo pembeni ya moto yenye maji mengine yanayopata joto, na uongeze hayo kwenye treya kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, ili mchemko usikatike. Ukimwaga ndoo nzima ya maji baridi kwa mpigo, unapoteza dakika ishirini za moto.

Sheria ya treya ni moja: maji yasishuke chini ya sentimita 4. Yakiwa membamba, kona moja hukauka, sukari huungua, na ladha ya kuungua husambaa treya nzima. Huwezi kuitoa tena. Na treya huharibika pia. Ukitaka kwenda ndani kula, acha mtu anayejua.

Povu litapanda. Chovya kijiti kwenye siagi na uguse nacho povu, litashuka mara moja. Kipande kidogo mno kinatosha. Kama utamgawia mtu ambaye mwili wake unakataa maziwa, tumia tone la mafuta ya kupikia. Majivu na masizi yakiingia, utayachuja baadaye, usihangaike.

Kwa saa nyingi hutaona mabadiliko. Maji yatabaki maji. Kisha mchana ukielekea jioni, rangi itaanza kugeuka manjano hafifu, halafu ya chai ya rangi nyepesi, na mvuke utaanza kunukia. Lita zako 40 zikibaki kama 6, yaani treya imefika sentimita zile 4, acha hapo. Ondoa treya kwenye moto kwa uangalifu mkubwa, watu wawili wenye glovu, au chota kwa kikombe cha mpini mrefu uhamishie kwenye sufuria ya jikoni. Hapa watoto na mbwa wawe mbali. Maji ya sukari ya moto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, ni tofauti na kuunguzwa na maji matupu.

Kumalizia hufanyika ndani, kwenye jiko la nyumbani, ambako moto unatii. Mvuke uliobaki ni kidogo ukilinganisha na uliotoka nje. Tumia sufuria ambayo shira haifiki nusu yake, kwa sababu itapanda.

Kipimajoto kwanza. Chemsha maji ya bomba yachemke kabisa, uingize kipimajoto, usome. Kinaweza kusema 100, kinaweza kusema 99 au 98, kutegemea mwinuko wa mahali ulipo, hali ya hewa ya siku hiyo na kipimajoto chenyewe. Namba utakayoiona, ongeza 4. Hapo ndipo shira inapoiva: nyuzi 4 za Selsiasi juu ya mchemko wa maji, ambazo kwa Farenhaiti ni nyuzi 7. Pwani, mahali pa usawa wa bahari, ni nyuzi 104 za Selsiasi au 219 za Farenhaiti. Usitegemee namba ya kitabu peke yake, pima maji yako siku ile ile.

Dakika za mwisho ndizo zinazohitaji macho. Mapovu makubwa ya maji huisha, yanakuja madogo madogo ya rangi ya dhahabu, yamebanana, na ghafla yote hupanda kuelekea ukingo. Punguza moto. Chovya kijiko cha chuma, kiinue juu ya sufuria, ukilaze kwa ubavu. Shira mbichi hudondoka tone moja moja kama maji. Ikikaribia kuiva, matone mawili hukutana ukingoni mwa kijiko na kuning'inia. Ikiiva, hushuka kwa pamoja kama pazia jembamba kisha likakatika. Zima.

Ukiizima mapema, shira itakuwa nyepesi na baada ya wiki kadhaa itachacha au kuota ukungu. Ukipitiliza, itatengeneza vipande vya sukari chini ya chupa; hiyo haina madhara, na kama umegundua ikiwa bado sufuriani, ongeza maji ya mepo kidogo na upime tena.

Wakati huo huo, kama nje kuna theluji safi, chukua kikombe kimoja cha shira, kichemshe peke yake hadi nyuzi 112 za Selsiasi, umwage kwa mistari juu ya theluji iliyojazwa kwenye sinia. Itaganda papo hapo iwe peremende laini ya kuvutika. Vermont huila na donati isiyo na sukari na kipande cha tango la achari, achari ikikata utamu. Mandazi ya kawaida yanaifaa sana kazi hiyo, na achari ya ndimu inaifanya vizuri kuliko tango.

Saba: kuchuja na kujaza chupa

Shira ikitoka jikoni huwa na mchanga laini wa kijivu. Ni madini ya mti mwenyewe, hasa kalsiamu, yaliyojitenga maji yalipopungua, wala si uchafu wako. Haudhuru, lakini unakwaruza ulimi. Lowesha chujio la sufu kwa maji ya moto, likamue, kisha mimina shira ikiwa ya moto sana. Ikipoa haipiti. Kama huna chujio la sufu, iache kwenye chupa kubwa ya kioo usiku mzima mchanga utuame, mimina ya juu taratibu, na uipashe tena.

Jaza chupa shira ikiwa na nyuzi 82 hadi 85. Chini ya hapo vijidudu vinabaki; ukiichemsha tena kwa nguvu, mchanga mpya hujitenga. Funga kifuniko, ulaze chupa ubavuni dakika moja au mbili ili joto liue kilicho kwenye kifuniko. Weka kabatini penye giza na baridi. Ukishafungua, friji. Ukiona ukungu juu, tupa.

Shira ya mwanzo wa msimu huwa nyepesi ya dhahabu, ya mwisho ni nyeusi na nzito ladha. Dukani hupangwa kwa rangi, lakini sukari ni ile ile. Kwa chai, uji na kuchovyea kaimati, chagua ile nyeusi: ile ya dhahabu hupotea ndani ya tangawizi na iliki.

Nane: kufunga msimu

Usiku ukiacha kuganda siku kadhaa mfululizo, maji hupungua, huwa ya manjano, na yakichemka hutoa harufu isiyopendeza. Tazama juu: matumba yatakuwa yamevimba. Hapo acha, hata kama mti bado unatoa. Shira ya maji hayo ina ladha chungu ya machipukizi ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Chomoa mirija kwa makucha ya nyundo. Usizibe tundu kwa kijiti, nta wala rangi. Mti huliziba wenyewe kuanzia nje, na mti wenye afya hulifunika ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Lakini nyuma ya kovu, mbao ya juu na chini ya tundu hubaki ya kahawia na haipitishi maji tena maisha yote ya mti. Hiyo ndiyo sababu ya kuhama kila mwaka. Pima kwa futi umbali na urefu wa kila tundu, uandike kwenye daftari pamoja na mti wake, kwa maana baada ya miaka mitano gome litakuwa limelificha.

Osha ndoo, mirija na treya kwa maji ya moto mengi, bila sabuni yenye manukato, uzianike chini juu hadi zikauke kabisa kabla ya kuzipanga.

Kwa aliye Maine au Vermont na anataka kuona kwanza kwa macho, mashamba hufungua milango mwezi Machi; Maine siku yake kubwa ni Jumapili ya nne ya mwezi huo. Hapo msimu unakuwa umefika katikati, kwa hiyo nenda mwaka huu, uliza maswali yote kando ya moto wao, Oktoba ufunge tepe zako, na kuni zikauke uani kuanzia kiangazi.